Kupima Shule Zenye Jina: Mwongozo kwa Mzazi Anayechagua Sekondari ya Binafsi

Mzazi wa Tanzania anayemtafutia mtoto wake sekondari ya binafsi huanza, mara nyingi, na orodha fupi ya majina aliyoyasikia kazini, kanisani, msikitini au kwenye vikao vya ukoo: Marian ya Bagamoyo, Feza ya Dar es Salaam, St. Francis ya Mbeya, Kemebos ya Bukoba, Precious Blood ya Arusha, na nyingine za ngazi hiyo. Majina hayo hayakuibuka tu, kwa kuwa ni ya shule zilizotajwa mara kwa mara kwenye orodha za ufaulu za Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1973 ili kutunga, kusimamia na kusahihisha mitihani ya taifa. Hata hivyo, matokeo ya shule huonyesha kwanza ni watoto wa namna gani iliowapokea na ikakubali kubaki nao, na baada ya hapo ndipo huonyesha kazi ya walimu wake. Mzazi hulipa ada kwa ajili ya kazi hiyo ya walimu, na ushahidi wake haupatikani kwenye bango la barabarani. Unapatikana kwenye majedwali, kwenye madaftari, kwenye mabweni na kwenye karatasi ambazo mzazi huombwa kuzitia saini bila kuzisoma.

Jambo hilo huonekana wazi kwenye usaili, yaani mtihani wa kujiunga ambao shule hizi huwapa watoto wa darasa la saba, mara nyingi katika Kiingereza, Hisabati na Sayansi, karibu na wakati ambapo mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unafanyika mwezi Septemba. Shule yenye jina hupata waombaji wengi kuliko nafasi zake, na kwa kuwa wengi wao wametoka kwenye shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza na zenye walimu wa kutosha, shule inayowachukua wale wa juu kabisa huanza mwaka ikiwa na darasa ambalo lingefaulu karibu popote lingepelekwa. Hakuna ubaya katika kuchagua, lakini mzazi ambaye mtoto wake ni wa wastani anapaswa kujiuliza kama shule hiyo imewahi kumpandisha mtoto wa wastani, au kama imezoea tu kuwapokea waliokwisha kupanda. Swali hilo mkuu wa shule aulizwe waziwazi, na aombwe kutoa mfano wa kundi zima la wanafunzi, kwa sababu mfano wa mwanafunzi mmoja aliyetia fora hauthibitishi chochote.

Hadi miaka michache iliyopita mzazi alitegemea orodha ya shule kumi bora. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza liliacha kutaja shule na watahiniwa bora kwa maelezo kwamba utaratibu huo hauna tija, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani orodha ile iliziweka kwenye mizani moja shule zinazochuja na zisizochuja. Jedwali la kila kituo cha mtihani, hata hivyo, bado huwekwa wazi kwenye tovuti ya Baraza, likionyesha kwa kila namba ya mtahiniwa jinsia, jumla ya pointi, daraja na alama ya kila somo. Mzazi mwenye simu na jioni moja ya utulivu anaweza kujifunza humo mambo ambayo siku nzima ya kutembezwa shuleni haitamfundisha, mradi ajue namna ya kusoma.

Katika mtihani wa kidato cha nne mtahiniwa huhesabiwa kwa masomo saba aliyoyafanya vizuri zaidi. Alama A, yaani 75 hadi 100, ni pointi 1. B, yaani 65 hadi 74, ni pointi 2. C, yaani 45 hadi 64, ni pointi 3. D, yaani 30 hadi 44, ni pointi 4. Na F ni pointi 5. Kisha pointi hizo hujumlishwa, na jumla ya 7 hadi 17 ndiyo huitwa daraja la kwanza. Maana yake ni kwamba mtoto aliyepata A saba na mtoto aliyepata B nne na C tatu, asiye na A hata moja, wote wamo katika daraja la kwanza, na shule mbili zinazojivunia daraja la kwanza kwa wanafunzi wote zinaweza kutofautiana sana. Tena, kwa kuwa huhesabiwa masomo saba bora tu, udhaifu katika somo moja au mawili hufichika kabisa ndani ya daraja. Mzazi ambaye mtoto wake anatamani tahasusi ya sayansi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu makuu ya kidato cha tano kama vile Fizikia, Kemia na Hisabati, asiishie kwenye safu ya daraja, bali ashuke hadi kwenye safu ya masomo na ahesabu ni wangapi walipata A au B katika Hisabati na Fizikia kwa miaka mitatu mfululizo. Huko ndiko huonekana kama shule ina mwalimu wa Fizikia au ina jina la mwalimu wa Fizikia.

Hesabu muhimu kuliko zote ni ya watoto waliotoweka njiani, na ndiyo ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Baraza hutoa pia matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, na kundi lililopimwa mwaka mmoja hufika kidato cha nne miaka miwili baadaye, kwa hiyo mzazi anaweza kulinganisha idadi hizo mbili kwa shule ile ile. Ichukuliwe, kwa mfano tu, shule iliyokuwa na watahiniwa 96 katika kidato cha pili mwaka 2022, ambayo jedwali lake la kidato cha nne la 2024 lina watahiniwa 71. Watoto 25 hawakufika mwisho wa safari hapo, na ufaulu wa kupendeza wa wale 71 umepatikana baada ya wao kuondoka. Baadhi yao walihama kwa sababu za kawaida, kama vile mzazi kuhamishwa kikazi au ada kushindikana, na wengine nafasi zao huzibwa na wahamiaji, jambo linalofanya pengo halisi liwe kubwa kuliko linavyoonekana. Pengo la mwaka mmoja si hoja. Likijirudia kwa makundi matatu mfululizo, mzazi ana haki ya kuamini kwamba shule inachuja.

Mchujo ni utaratibu ambao shule hujiwekea wastani wake yenyewe, juu kuliko kiwango cha kitaifa cha kufaulu, na mwanafunzi asiyeufikia hukaririshwa darasa, huhamishwa au hupelekwa kufanyia mtihani kwenye kituo kingine ili asiharibu jedwali. Wizara ya Elimu imeukataza mara kadhaa, lakini shule nyingine huuendeleza kwa lugha laini, kwa mfano kwa kumwita mzazi mwezi Novemba na kumshauri kwamba mtoto “atafaa zaidi” mahali pengine. Athari zake kwa mtoto wa miaka 15 ni nzito, kwa kuwa anaondolewa kwa rafiki zake na walimu wake akiwa ameshaambiwa na watu wazima kwamba hafai. Dalili yake hupatikana kwenye maelekezo ya kujiunga, yaani ile fomu yenye orodha ya sare, tranka na godoro, ambayo kwenye kurasa zake za mwisho huwa na masharti ya taaluma yanayosainiwa na mzazi. Sharti lolote linalotaja wastani wa chini wa kuendelea na masomo lisomwe pamoja na mtoto, na shule iulizwe kwa maandishi inafanya nini kumsaidia anayekaribia kushuka kabla hajashuka.

Baada ya majedwali ndipo inapofaa kwenda shuleni, na ni afadhali siku ya kawaida ya masomo kuliko siku ya mahafali, ambapo kila kitu kimepigwa deki na watoto wamefundishwa la kusema. Mzazi aombe kuona madaftari ya wanafunzi wawili au watatu wa kidato cha pili, ya Hisabati na ya somo lolote la sayansi. Daftari husema ukweli. Lenye alama za vema na sahihi ya mwalimu peke yake linaonyesha kwamba mwalimu amepita tu. Lenye mstari mwekundu mahali hasa ambapo hesabu ilipotoka, neno moja la maelezo pembeni, kisha masahihisho yaliyofanywa na mwanafunzi na kukaguliwa tena, linaonyesha shule inayofundisha. Mzazi atazame pia tarehe, kwani wiki tatu bila kazi kusahihishwa ni habari inayojitosheleza. Kwa upande wa walimu, swali lenye manufaa si la shahada zao, bali ni wangapi kati ya walimu wa Hisabati, Kiingereza na sayansi walikuwepo hapo miaka mitatu iliyopita, kwa sababu shule inayobadilisha walimu kila msimu huwalipisha watoto gharama za mabadiliko hayo.

Ratiba ya siku nayo iombwe kwa maandishi. Zipo shule ambamo mtoto huamka saa kumi alfajiri kwa masomo ya asubuhi na kumaliza prepo, yaani muda wa kujisomea usiku, saa nne au saa tano, na mzazi anayevutiwa na juhudi hiyo anapaswa kuhesabu saa za usingizi zinazobaki kwa mwili unaokua.

Shule nyingi zenye jina ni za bweni, na hapa mwongozo huu unasisitiza kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kosa la taaluma hurekebishika na kosa la usalama halirekebishiki. Mwaka 1994 moto katika bweni la sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40. Machi 2001, katika sekondari ya Kyanguli huko Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa ndani ya bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Septemba 2024 moto mwingine uliua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Kila mara maswali yanayofuata huwa yale yale: idadi ya vitanda, milango, madirisha, na aliyekuwa na funguo usiku ule.

Kwa hiyo mzazi aombe kuingia bwenini, na shule inayokataa kabisa kumwonyesha bweni, hata wakati wanafunzi wako darasani, iondolewe kwenye orodha. Kipimo kizuri kimo kwenye mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008, ambao mzazi wa nchi yoyote anaweza kuutumia: nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, njia ya kupita isipungue mita 2, milango iwe na upana wa futi 5 na ifungukie nje, iwepo kila upande wa bweni pamoja na mlango wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na nondo. Mita 1.2 ni zaidi kidogo ya hatua moja ndefu ya mtu mzima. Mzazi asimame kati ya vitanda vya ghorofa, vile ambavyo wanafunzi huviita dabo deka, na apige hatua hiyo. Kisha aufungue mlango wa dharura yeye mwenyewe. Ukiwa umefungwa kwa kufuli, aulize funguo ziko wapi na nani huzishika saa nane za usiku, na akiambiwa ziko ofisini amekwisha kupata jibu lake. Mtungi wa kuzimia moto una kadi ya tarehe ya ukaguzi wa mwisho, nayo isomwe. Matroni au patroni, yaani mlezi anayelala na wanafunzi, aonekane, mzazi azungumze naye, na ijulikane analea watoto wangapi peke yake.

Usafiri uangaliwe kwa jicho lilelile. Mei 2017 basi lililokuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba wa shule moja ya Arusha kufanya mtihani wa majaribio kwenye shule nyingine lilitumbukia korongoni wilayani Karatu, na wanafunzi zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mzazi ana haki ya kujua idadi ya viti, idadi ya watoto wanaopakiwa, na kama kila kiti kina mkanda unaofungika.

Kuhusu umri wa kwenda bweni, serikali imekwisha kuweka mpaka, kwani mwanzoni mwa 2023 Wizara ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Mpaka huo ni wa chini, na kuvuka darasa la nne hakumfanyi mtoto awe tayari. Mtoto asiyeweza bado kueleza kwamba anaumwa, anaonewa au ameguswa vibaya na mtu mzima hafai kupelekwa mahali ambapo simu hairuhusiwi na mzazi huruhusiwa kumwona mara moja kwa mwezi. Shule nzuri ya kutwa, iliyo karibu na nyumbani na isiyo na jina kubwa, mara nyingi humfaa zaidi mtoto wa namna hiyo.

Nidhamu ni eneo ambalo shule hujivunia kwa maneno ya jumla, na kwa hiyo mzazi anahitaji maswali mahususi. Kanuni za adhabu ya viboko Tanzania Bara zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mzazi akiomba kukiona kitabu hicho na akaambiwa hakipo, basi ama shule haichapi, ama inachapa nje ya kanuni, na wanafunzi wenyewe wakiulizwa kando watamwambia ni lipi kati ya hayo.

Swali la mtaala huja mapema kwa wenye uwezo mkubwa zaidi. Shule nyingi zilizotajwa mwanzoni hufuata mtaala wa taifa, ilhali shule za kimataifa hufuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza au ule unaojulikana kwa kifupi kama IB, ambao katika hatua yake ya mwisho humtaka mwanafunzi asome masomo sita pamoja na insha ndefu ya utafiti na kazi za kijamii, na kumpima kwa jumla ya pointi 45. International School of Tanganyika, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na shule ya Moshi iliyoanza mwaka 1969 na ambayo leo inaitwa UWC East Africa, ni mifano ya zamani ya njia hii ya pili. Njia hiyo humfungulia mtoto vyuo vikuu vya ng’ambo kwa urahisi zaidi, lakini kurudi nyuma kuna taabu zake. Cheti cha kigeni kinahitaji ulinganifu kutoka NECTA kabla ya kutumika nchini, na mtoto anayehamia mtaala wa taifa akiwa kidato cha tatu huja bila matokeo ya upimaji wa kidato cha pili. Mzazi asianze safari ya mtaala wa kigeni bila kuwa na hakika ya kuigharimia hadi mwisho. Kiswahili nacho kisisahaulike, maana katika mtaala wa taifa ni somo la lazima, ilhali katika shule nyingi za kimataifa ni hiari. Cambridge ina mtihani wake wa Kiswahili, kwa hiyo mzazi anaweza kudai kifundishwe. Mtoto asiyeweza kumwandikia bibi yake barua ameondolewa kwenye sehemu ya urithi wake kwa fedha za wazazi wake mwenyewe.

Ada inayotangazwa si gharama kamili. Ziko fedha za fomu, za usaili, za kujiunga zisizorudishwa, za dhamana, sare, bima, basi, ziara, kambi za mitihani na michango inayozuka katikati ya mwaka, na njia ya kuzijua zote ni kuomba stakabadhi za mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu katika shule hiyo, si kipeperushi. Jumla hiyo izidishwe kwa miaka minne, iongezwe kiwango ambacho ada ilipanda katika miaka mitatu iliyopita, kisha ipimwe kwa swali hili: je, inalipika ikiwa mmoja wa wazazi atapoteza kipato? Mpango wa busara unaweza kuishia kidato cha nne, kwa sababu mhitimu wa shule ya binafsi aliyefaulu huchaguliwa pia kwenda kidato cha tano katika shule za serikali, zikiwemo Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, na tangu 2022 ada ya ngazi hiyo imefutwa.

Mzazi mwenye mtoto aliyeanza darasa la tatu mwaka 2024 ana jambo la ziada la kupanga. Kwa mtaala mpya, ambao elimu ya msingi ndani yake ni ya miaka sita, kundi hilo linatarajiwa kumaliza mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mtaala wa zamani, na makundi mawili yakigombea kidato cha kwanza cha 2028 nafasi zitakuwa finyu. Orodha yake ya shule iwe tayari angalau mwaka mmoja kabla.

Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, namba ya usajili wa shule, inayoanza na herufi S kwa sekondari na EM kwa shule za msingi, ihakikiwe katika ofisi ya uthibiti ubora wa shule ya wilaya, na iulizwe hapo hapo kama ruhusa ya bweni ipo. Baada ya muhula wa kwanza mzazi akae na mtoto, madaftari yakiwa mezani, aulize maswali yale yale aliyoyauliza shuleni. Ikibidi kuhama, ni vyema iwe kati ya kidato cha kwanza na cha pili, namba ya mwanafunzi katika mfumo wa PReM wa Baraza ikiwa sahihi na uhamisho ukiwa umeingizwa humo, kwa sababu mara shule inapokwisha kumsajili kwa mtihani wa taifa kumtoa kunakuwa kugumu sana.